Risasi ni neno moja, vitu ni vinne: jinsi mwindaji anavyojaza upya maganda yake

Taarifa ya habari ikisema polisi "wameokota risasi tano eneo la tukio", msikilizaji hajui wameokota nini. Huenda ni risasi nzima ambazo hazijapigwa. Huenda ni maganda matupu yaliyoruka kutoka kwenye bunduki. Huenda pia ni vile vipande vya chuma vilivyochimbuliwa ukutani. Tofauti si ndogo: ganda linaonyesha mpigaji alisimama wapi, na kile kipande cha ukutani kinaonyesha alilenga wapi. Lugha yetu imevibandika vyote jina moja, nalo lenyewe ni la madini: risasi ni ile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo mafundi wa betri za magari wanaijua vizuri.

Mkanganyiko huo unarudi kila inapozunguka video ya mwindaji wa Marekani aliyekaa gereji kwake, mbele yake mizani ndogo na mashine ya mkono, "akitengeneza risasi". Wanaoitazama huuliza maswali yaleyale: anapika baruti nyumbani? Ni halali? Haiwezi kumlipukia? Kwa kifupi: hapiki baruti, kwao ni halali, na ndiyo, ikifanywa ovyo inaweza kumuumiza vibaya.

Sheria kwanza, asije mtu akachukua mizani ya dukani akajaribu. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya uwindaji wa burudani wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Marekani sheria ya nchi haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inahitajika akianza kuuza. Majimbo mengine yana masharti yao juu ya hayo. Ndugu zetu walioko kule kwa viza ya muda wajue jambo moja zaidi: kwa kawaida sheria ya Marekani hairuhusu mgeni wa viza hiyo kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa anaingia kwenye mojawapo ya misamaha michache, na mmoja wa misamaha hiyo ni kuwa na kibali halali cha kuwinda. Mwenye ukazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo.

Vitu vinne

Risasi nzima ya bunduki ya kuwindia ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, kopo la shaba ya manjano, yaani shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Ganda lina kitako, tumbo, bega, shingo na mdomo, kama chupa. Ya pili ni fataki, kikombe kidogo kinachokaa katikati ya kitako. (Si yule fataki wa matangazo ya redio aliyekuwa akiwafuata wanafunzi wa kike. Hili ndilo fataki la asili, lilelile la kwenye gobore.) Ndani yake kuna kemikali inayowaka ikigongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kichwa, kile kinachosafiri.

Mwindaji akivuta kifyatulio, pini inagonga fataki, fataki linatema mwali kupitia tundu dogo la kitako, baruti inawaka na kugeuka gesi, na gesi inasukuma kichwa nje. Wakati huohuo ganda linavimba na kubana kuta za chemba, yaani ule uwazi wa nyuma ya mtutu risasi inamokaa, kama puto lililopulizwa ndani ya chupa, na ndivyo gesi inavyozuiwa isirudi usoni kwa mpigaji. Presha ikishuka, ganda linanywea kidogo, na komeo la bunduki linalichomoa.

Hesabu inakuja hapo. Katika vitu vinne, vitatu vimekwisha kazi: fataki limekufa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda. Ganda limebaki, na ganda ndilo lenye gharama kubwa kulitengeneza. Kujaza upya ni kulirudisha ganda kwenye umbo lake, kisha kuliwekea fataki jipya, baruti na kichwa, vyote vya kiwandani. Anayemjua mzee wa gobore anayeshindilia baruti mdomoni mwa mtutu kwa mti ameshaelewa nusu ya jambo. Tofauti ni kwamba huyu hashindilii kwa kukadiria kwa kiganja. Anapima kwa mizani yenye kusoma hadi sehemu ya 150 ya gramu.

Greni, na presha

Kipimo cha kazi hii ni greni. Asili yake ni uzito wa punje moja ya shayiri. Gramu moja ina greni 15.4. Risasi tutakayoitumia kwa mfano hapa ni .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na wawindaji wa paa na kulungu hawajaiacha hadi leo. Namba hizo huwachanganya watu. "30" ni upana wa mtutu kwa sehemu za mia za inchi, na "06" ni mwaka. Ukikutana na .30-30, usidhani ni ya mwaka 1930: pale namba ya pili ilikuwa greni za baruti. Hakuna kanuni moja ya majina haya, kwa hiyo usikisie. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, uyalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha ganda.

Kichwa cha kawaida cha .30-06 ni cha greni 150 hadi 180, yaani gramu 9.7 hadi 11.7. Baruti huwa karibu greni 50, kutegemea aina: hazijazi hata kijiko cha chai. Kile kisichojaza kijiko kinakirusha kichwa cha greni 180 kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Kikomo cha presha kilichowekwa kwa risasi hii ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Gari dogo linajazwa upepo 32 kwa kipimo hichohicho. Ndani ya chemba, mbele ya jicho la mpigaji, presha inafika karibu mara 2,000 ya ile ya tairi, ingawa ni kwa muda usiofika hata kupepesa jicho.

Kila hatua nitakayoieleza chini ipo kwa ajili ya hiyo namba. Anayefikiri kujaza risasi ni suala la baruti atakosea. Ni suala la presha, na baruti ni moja tu ya vitu vinavyoipandisha. Kichwa kilichozamishwa sana kinapandisha presha, ganda refu kupita kiasi linapandisha, fataki kali zaidi linapandisha, na hata jua linapandisha: risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Januari kisha ikaachwa juu ya dashibodi mwezi wa Agosti haitafanya kazi sawa.

Baruti si moja

Hapa ndipo imani potofu kubwa ilipo. Watu husema "baruti ni baruti". Ukiwasha makuti makavu na ukiwasha gogo la mkwaju, vyote ni moto, lakini makuti yanalipuka juu na kuisha kabla maji hayajapata uvuguvugu, na gogo linakaa hadi maharage yaive. Baruti zisizo na moshi, ambazo Mfaransa Paul Vieille alizianzisha mwaka 1884, zimepangwa vivyo hivyo kwa kasi ya kuungua. Ya bastola ni makuti: inaungua upesi kwa sababu mtutu ni mfupi na kichwa ni chepesi. Ya .30-06 inaelekea kwenye gogo: inaendelea kusukuma wakati kichwa kinakwenda ndani ya mtutu mrefu. Tia greni 50 za baruti ya bastola ndani ya ganda la .30-06 na bunduki itapasuka mikononi mwa mtu. Kwa macho, baruti hizo mbili zinaweza kufanana kabisa, punje nyeusi-kijivu zilezile. Kwa hiyo kuna sharti lisilo na msamaha: mezani liko kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, na baruti iliyobaki inarudi kwenye kopo lake lenye lebo yake kabla ya mtu kuinuka. Baruti iliyokutwa ndani ya chombo bila jina haikisiwi, inatupwa.

Imani nyingine ni kwamba baruti pungufu ndiyo salama. Kwa baruti za kuungua polepole si kweli. Zikiwekwa chache mno ndani ya ganda kubwa, uwakaji huwa hauna mpangilio, na yamewahi kutokea mapigo ya presha yaliyoharibu bunduki. Ndiyo maana kitabu cha vipimo kinataja kiwango cha kuanzia pamoja na kiwango cha juu, na chini ya kile cha kuanzia hapashukwi.

Kitabu hicho cha vipimo ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya mashine. Watengenezaji wa baruti na wa vichwa huvichapisha baada ya kupima presha maabara: kwa kaliba (saizi ya risasi) fulani, kichwa cha uzito fulani, baruti ya jina fulani, anza hapa, usipite hapa. Makala hii haitoi kipimo cha baruti yoyote kwa makusudi, kwa sababu namba iliyonakiliwa mtandaoni inaweza kuwa na kosa la tarakimu moja, na tarakimu moja inatosha. Linganisha vitabu viwili. Vikitofautiana, anza na kile kilicho chini.

Vifaa vya meza

Presi ndiyo ile mashine ya mkono. Presi ya hatua moja, ile inayofanya kazi moja kwa kila kushusha mkono, ndiyo ya mwanafunzi. Zile zinazotoa risasi nzima kwa kila mvuto ni za aliyekwisha kuzoea, kwa kuwa mambo matano yanatokea pamoja na jicho ni moja. Kwenye presi unafunga dai. Fundi wa chuma analijua neno hilo: ni umbo gumu la chuma linalotoa umbo kwa kingine. Seti ya .30-06 ina dai mbili, moja ya kulirudisha ganda kwenye vipimo vyake na kung'oa fataki lililokufa, nyingine ya kupachika kichwa. Ongeza kishikio cha ganda kinacholingana na kitako, mizani, kalipa ya kupimia urefu, kikata ganda, kifaa kidogo cha kulainisha kingo za mdomo, grisi maalumu ya maganda, faneli, kibao chenye matundu 50 ya kusimamisha maganda, na miwani ya kulinda macho. Kuna pia nyundo ya plastiki ya kuvunjia risasi zilizokosewa: risasi haigongwi, inafungwa ndani ya nyundo yenyewe, na nyundo ikigongwa chini kichwa kinachomoka. Wengi hawainunui mwanzoni, na wote huja kuinunua.

Ni nafuu? Kopo la baruti la pauni moja lina greni 7,000, hivyo kwa greni 50 linatoa risasi 140. Fataki huuzwa kwa pakiti za 100. Ukiwa na maganda tayari, kila risasi inatoka kwa bei ya chini kuliko ya dukani, hasa kwa kaliba adimu kama .404 Jeffery, ambayo risasi zake mpya ni ghali na hazipatikani kila duka. Lakini vifaa vya kuanzia ni mamia ya dola, na anayepiga risasi 20 kwa msimu atazeeka kabla hazijarudi. Sababu ya kweli ya wengi ni ulinganifu. Kila bunduki ina tabia yake, na risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki moja huweza kukusanya matundu matatu ndani ya eneo la sarafu pale ambapo ya dukani inayatawanya kama kiganja.

Kazi yenyewe

Anza kwa kukagua. Ganda lenye ufa shingoni linatupwa. Baya zaidi ni lile lenye mstari wa kung'aa unaozunguka tumbo juu kidogo ya kitako: hapo shaba imenyooka na kuwa nyembamba, na mara ijayo huenda kitako kikakatika ndani ya chemba. Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake kidogo, ipitishe ndani ya ganda na kuikwaruza ukutani ukielekea chini. Ncha ikizama kwenye mfereji, ganda limekwisha, hata kama nje linapendeza.

Angalia pia ndani ya kitako kwa tochi. Tundu moja katikati ni ganda linalojazika kwa dai za kawaida. Matundu mawili madogo ni aina ya Berdan, na pini ya kung'olea fataki itavunjika. Jambo la kuchekesha ni kwamba Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer Mwingereza, lakini Marekani yote imefuata mtindo wa Boxer, na wa Berdan ukahamia Ulaya.

Kusafisha hufanyika kwenye ndoo inayotikiswa na mota, iliyojazwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi hayahaya. Yanauzwa kwa mifuko, na hakuna kilichopatikana kinachong'arisha shaba vizuri zaidi kwa bei hiyo. Vumbi lake ndilo la kuogopa, kwa kuwa masalia ya fataki yana madini ya risasi. Mashine hiyo haikai jikoni wala chumba cha watoto.

Kisha grisi, na hapa wanaoanza wengi huipata aibu yao ya kwanza. Ganda kavu likiingizwa kwenye dai linagandamana humo, presi inang'oa ukingo wa kitako, na ganda linabaki ndani kama kizibo kilichokatikia kwenye chupa. Grisi ikizidi, hasa begani, haina pa kwenda na inabonyeza shaba na kuacha mashimo. Kiasi sahihi ni utando: paka vidole viwili, zungusha ganda tumboni, gusa ndani ya mdomo kidogo, basi.

Dai ya kwanza inalibana ganda hadi liingie chembani tena. Swali ni kulibana kiasi gani. Ukisukuma bega nyuma kupita kiasi, ganda litakuwa na nafasi ya kunyooka kila linapopigwa, na ule mstari wa kung'aa utakuja upesi. Kwa bunduki ya komeo, kurudisha bega nyuma kwa milimita 0.05 kunatosha, yaani nusu ya unene wa karatasi. Njia rahisi ni kuteremsha dai kidogo kidogo huku ukijaribu ganda tupu kwenye bunduki yako, hadi komeo lifunge bila kulazimishwa.

Futa grisi, pima urefu. Ganda la .30-06 lisizidi milimita 63.35, likizidi, likate hadi 63.1. Kila linapopigwa na kubanwa, shaba inatiririka kuelekea mdomoni, na ganda linarefuka kama unga unaosukumwa. Ganda refu mdomo wake unabanwa mwishoni mwa chemba na kushika kichwa kwa nguvu, na presha inaruka ingawa baruti ilipimwa sawasawa. Baada ya kukata, mdomo una kingo kali. Zungusha kile kifaa kidogo mara mbili tatu, ndani na nje, vinginevyo mdomo utakwaruza kichwa kinapoingia.

Sasa fataki. Kwa .30-06 ni fataki kubwa la bunduki, upana milimita 5.3. La bastola kubwa lina upana huohuo lakini kikombe chake ni laini na kifupi, hivyo pakiti isomwe, isitazamwe tu rangi. Lipachike hadi lifike chini ya tundu lake, kisha pitisha ncha ya kidole kwenye kitako. Fataki linatakiwa liwe chini ya usawa kwa kiasi cha kuhisika. Likijitokeza juu, pigo la kwanza la pini linaweza kupotea katika kulisukuma ndani, na risasi isiwake. Fataki hukaa ndani ya pakiti yake ya kiwanda, ambayo imetengenezwa kuyatenganisha. Kuyamimina ndani ya chupa ya kioo ni kutengeneza bomu: likiwaka moja yanawaka yote.

Baruti hupimwa feni ikiwa imezimwa na simu ikiwa mbali. Mizani ya elektroniki inayumbishwa na upepo wa feni na hata na joto la chumba; irudishe kwenye sifuri na uipime kwa jiwe lake la uzito kila baada ya risasi kumi. Anza na kiwango cha chini cha kitabu na upande kwa nusu greni, ukijaza tatu tatu. Mimina maganda yote ya kibao, kisha, kabla ya kichwa hata kimoja, simama na tochi utazame ndani ya kila ganda. Usawa wa baruti uwe mmoja. Ganda tupu ni hatari ya aina yake: fataki peke yake linaweza kukisukuma kichwa sentimita chache ndani ya mtutu na kukiacha hapo. Mpigaji anasikia mlio hafifu, anadhani risasi haikuwaka, anapakia nyingine, na mtutu unapasuka. Ganda lililojazwa mara mbili ni hatari ya upande wa pili. Ndiyo maana mwanafunzi anashauriwa kuchagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda: akirudia kumimina, inamwagika mezani na kumshtaki.

Kichwa kinawekwa mdomoni kwa vidole na dai ya pili inakizamisha. Urefu wa risasi nzima ya .30-06 usizidi milimita 84.84, lakini fuata urefu alioutaja mtengenezaji wa kichwa chako.

Vichwa navyo si kitu kimoja. Kichwa cha asili ni koti la shaba lililojazwa risasi, yaani ile metali. Mwaka 1948 John Nosler alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele ifunguke na nusu ya nyuma iendelee kupenya, baada ya vichwa vya kawaida kumpasukia juu ya ngozi ya mnyama mkubwa. Leo kuna vya shaba tupu. Jimbo la California limepiga marufuku risasi za madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa sababu ndege wala mizoga, wakiwemo kondori, walikuwa wakila vipande vyake na kufa kwa sumu. Kwa mjazaji jambo la kukumbuka ni hili: shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 180 ni kirefu kuliko cha risasi cha greni 180. Kinaingia zaidi ndani ya ganda, kinapunguza nafasi ya gesi, na presha inapanda. Uzito kuwa sawa hakukupi ruhusa ya kutumia kipimo kilekile.

Wanayoogopa wasiyopaswa, na kinyume chake

Watu wengi huogopa nyumba yenye risasi ikiwaka moto, wakidhani zitaanza kupiga watu mtaani. Risasi iliyo nje ya bunduki haina chemba ya kuibana. Ganda linapasuka, vipande vyake vya shaba vinaruka na vinaweza kutoboa jicho, lakini kichwa, kwa kuwa ndicho kizito, hakiendi mbali. Baruti isiyo na moshi nayo, ikiwa wazi, inawaka kwa kishindo cha moto bila kulipuka. Inageuka bomu ikifungiwa ndani ya chombo kigumu kisichopitisha gesi. Kwa hiyo sanduku la chuma la risasi la jeshi, ambalo wengi hulidhani ndiyo mahali salama pa kuhifadhi kopo la baruti, ndipo pabaya kuliko pote. Sanduku la mbao lenye maungio dhaifu ni bora. Baruti inayotoa harufu kali ya tindikali, au yenye vumbi la rangi ya kutu, imeoza na iondoke nyumbani siku hiyohiyo.

Wasichokiogopa ni vidole vyao. Mtu anashika fataki zilizokufa saa nzima kisha anachukua andazi. Madini ya risasi hayana harufu wala ladha ya kukuonya, na kwa mtoto kiasi kidogo kinatosha kudhuru ubongo. Nawa kwa sabuni, na chai isikae kwenye meza hiyo.

Kila kisanduku kinabandikwa lebo: tarehe, kichwa na uzito wake, baruti na greni zake, fataki, urefu, na mara ngapi ganda limeshapigwa. Ganda la .30-06 lisiloteswa linaweza kurudiwa mara tano hadi kumi. Baada ya hapo shingo inakuwa ngumu na kupasuka, kama waya wa kufungia nondo unaokunjwa huku na huku.

Uwanjani, piga zile za chini kwanza, moja moja, na utazame kila ganda. Fataki lililobapa hadi kujaza tundu lake, alama ya duara inayong'aa kwenye kitako, au komeo linalogoma kuinuka kama mlango uliovimba wakati wa masika: ukiona mojawapo, umepita kikomo cha bunduki yako, hata kama kitabu bado kinakuruhusu. Acha papo hapo. Usimalizie "zilizobaki mbili tu". Zirudishe nyumbani, uzivunje kwa nyundo ya plastiki, kichwa na ganda urudishe kwenye masanduku yake. Baruti yake kama una shaka nayo hata kidogo, itawanye juu ya nyasi. Ina naitrojeni nyingi, na mvua ikinyesha nyasi hunawiri kama zilizotiwa mbolea.